Sukari Iliyofungwa Ndani ya Mti

(Maneno ya hotuba juu ya kazi ya kugeuza miti kuwa sukari)



Mtu akiambiwa kwamba ukuni mkavu una sukari nyingi kuliko ile inayokamuliwa katika muwa wa uzito ule ule, hapana shaka atacheka. Lakini ndivyo ilivyo. Sukari ya muwa iko wazi, hata mtoto huipata kwa meno yake. Sukari ya mti imefungwa, na wataalamu wamekuwa wakitafuta ufunguo wake kwa muda wa miaka mia mbili sasa.

Yafaa kwanza kueleza jinsi mti ulivyojengwa. Kila mtu ajua nyumba ya udongo: kuna fito, kuna kamba za kufungia fito, tena kuna udongo uliokandikwa. Katika mti, fito ni kitu kiitwacho selulosi, kamba ni hemiselulosi, na udongo ni lignini. Ukigawa mti mkavu katika mafungu 100, selulosi ni kama mafungu 40 au zaidi, na hayo mengine mawili hugawana sehemu kubwa ya yaliyobaki. Selulosi ni mnyororo mrefu wa sukari iitwayo glukosi, punje kwa punje kama ushanga. Hata wanga wa muhogo ni ushanga wa glukosi. Ila fundo lake ni jingine, na mate ya mtu hulifungua. Ndiyo sababu muhogo ukitafunwa sana huwa mtamu. Fundo la selulosi mate hayaliwezi.

Mtu wa kwanza kujulikana kwa kulifungua alikuwa mtaalamu wa Kifaransa, Bwana Henri Braconnot. Mwaka 1819 alilowesha matambara ya kitani katika tindikali kali ya salfa, kisha akayachemsha kwa maji. Akapata sukari ambayo uzito wake ulipita uzito wa matambara yenyewe! Huo haukuwa uchawi: kila fundo likifunguka, maji kidogo huingia mahali pake.

Katika miaka ya 1930 Wajerumani wawili, Bwana Heinrich Scholler na Bwana Friedrich Bergius, walileta kazi hiyo viwandani. Bwana Scholler alitumia tindikali hafifu na moto mwingi. Bwana Bergius alitumia tindikali kali bila moto. Kila njia ilikuwa na ila yake. Moto mwingi huiharibu sukari mara tu inapotoka, na tindikali kali hula vyuma vya mitambo. Lakini penye njaa watu hawaulizi gharama. Mji wa Leningrad nchini Urusi ulipozingirwa na majeshi tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944, wataalamu wa huko waligeuza mbao kuwa sukari, na kwa sukari hiyo wakakuza hamira ya kulisha watu waliokuwa wakifa kwa njaa.

Ufunguo wa pili ulipatikana kwa viumbe vidogo. Mchwa wa Afrika ya Mashariki hukuza kuvu ndani ya kichuguu, nayo huwasaidia kuyeyusha miti na majani makavu. Uyoga uotao juu ya kichuguu baada ya mvua ni zao la shamba hilo. Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikipiganwa katika visiwa vya Pasifiki, askari wa Marekani waliona mahema na nguo zao zikioza upesi mno. Katika visiwa vya Solomon ilipatikana kuvu moja yenye nguvu ajabu ya kula pamba. Baadaye ikaitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya Bwana Elwyn Reese, aliyeichunguza miaka mingi pamoja na Bibi Mary Mandels. Kuvu hiyo hutoa vimeng'enya vinavyokata mnyororo wa selulosi taratibu, wala haviiharibu sukari. Siku hizi mti hukatwa vipande, ukapikwa kwa mvuke ili udongo wa lignini ulegee, ndipo vimeng'enya hupata njia ya kuingia.

Basi, ikiwa ufunguo umepatikana, mbona viwanda hivyo ni vichache? Jibu ni gharama. Mwaka 2015 kiwanda kikubwa kilifunguliwa katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa, Marekani, kutengeneza spiriti ya magari kutokana na mabua ya mahindi. Mwaka 2017 kilisimamishwa. Kukusanya mabua, kuyaweka yasioze wala kuungua, kuyapika na kununua vimeng'enya, yote hayo hula fedha, ilhali petroli ya kushindana nayo huchimbwa ardhini.

Penye mafanikio, siri ni kutotupa kitu. Mtu mwenye busara hachinji ng'ombe akachukua nyama tu, akaiacha ngozi na pembe. Huko Sarpsborg, Norway, kiwanda cha Borregaard kimetengeneza spiriti tangu mwaka 1938 kwa sukari ya miti ya nchi za baridi. Nyuzi huuzwa, sukari huwa spiriti, na lignini hutoa hata vanila ya kutia katika keki. Ndivyo kilivyofanya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kati ya miaka ya 1963 na 2013: mafuta ghafi yaliingia, yakatoka petroli, mafuta ya taa na vinginevyo.

Mwisho, neno la tahadhari. Wageni wengi huyaita mabua na makapi "taka". Mkulima ajua kuwa mabua ni chakula cha ng'ombe na rutuba ya shamba, na viwanda vya sukari vya Kenya huchoma makapi ya miwa kupata mvuke. Kwa hiyo mtu akija kununua mabua hayo, au akitaka msitu ukatwe kwa kazi hii, yafaa aulizwe kwanza: ng'ombe watakula nini, shamba litarudishiwa nini, na mti mwingine utapandwa lini? Sukari iliyo ndani ya mti ni mali kweli, lakini anayeifungua bila hesabu atapoteza mti na sukari pia.