Nani Atamzika Mgeni?

Jioni hii nataka kunena nanyi juu ya swali nililoulizwa na wanafunzi wangu wa ualimu: kundi la Wakristo hushikamanishwa na nini, hata likawa watu wamoja? Yamkini walitazamia niwajibu kwa maneno ya katekisimu. Mimi niliwajibu kwa habari za Kidodi.

Kidodi ipo chini ya milima ya Vidunda, katika njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Wenyeji wake ni Wavidunda, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Lakini tangu miaka ya 1960, mashamba makubwa ya miwa ya Kilombero yalipoanza, watu wengi wamemiminika kutoka Iringa, Songea, Mbeya na kwingineko. Huyu ni Mbena, jirani yake ni Mngoni, wa tatu ni Mnyakyusa. Kila mmoja alikuja na kanisa lake kama alivyokuja na jembe lake.

Kusali pamoja hakukuwa kazi ngumu, kwa kuwa Kiswahili kilikwisha kututangulia. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, iliyozipatanisha tafsiri za Unguja na Mombasa, Mbena na Mnyakyusa huisoma pasipo mkalimani. Walakini kitabu kimoja hakitoshi. Ndugu hujulikana msibani.

Zamani, katika nchi nyingi za upande huu, watani ndio waliokuwa na kazi kubwa mazikoni. Walichimba kaburi, wakasaidia kumstiri maiti, tena wakawafanyia wafiwa mzaha ili machozi yasiwazidi nguvu. Je, mkata miwa aliyeacha ukoo wake mbali, mtani wake atatoka wapi? Hapo ndipo kanisa lilipopata kazi yake ya kweli. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa mwaka 1976, walikaza neno la kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo: nyumba chache zinazopakana, watu wake wakikutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao, wakisoma Injili na kuulizana habari za wagonjwa. Makanisa mengine nayo yana vikundi vya namna hiyo. Mimi naona, na asiyekubali anisamehe, kwamba jumuiya ilirithi jembe la mtani.

Lakini jumuiya ina daftari pia. Katika daftari huandikwa michango, na hapa ndipo shida ilipo. Mahali fulani, ambapo sitapataja, nilipokuwa likizo alifariki kibarua mmoja aliyekuwa hajatoa mchango karibu mwaka mzima. Wazee waliketi chini ya mwembe wakashauriana. Mmoja alisema, tena kwa haki yake, kwamba wakimzika asiyechanga, mwakani hakuna atakayechanga, na sanda hununuliwa kwa fedha. Mwingine akauliza kama marehemu alikuwa mgonjwa miezi ile yote. Hakuna aliyejua. Watu waliokutana kila juma kuulizana habari za wagonjwa hawakujua! Nami nilikuwa nimeketi pale, mwalimu mzima, sina la kusema.

Mama mmoja mzee, Mvidunda, aliondoka barazani pasipo kuaga. Tulidhani amechukizwa. Kumbe alikwenda kwake kuchukua jembe, akapita mbele yetu akielekea makaburini, ijapokuwa kwa desturi yao hiyo si kazi ya mwanamke. Vijana wawili wakaona haya, wakamfuata wakampokea lile jembe. Kisha tukaondoka sote, na yule mzee wa daftari akiwamo.

Jioni, baada ya maziko, alilifungua daftari, akatafuta jina la marehemu, akakaa kitambo kirefu na kalamu mkononi. Mwisho akaandika tarehe ya kuzikwa kwake, na ile safu ya michango akaiacha tupu.