Kijana na Dhamiri Yake Penye Mizani





Mpunga unapovunwa katika bonde letu la Kilombero, vijana wengi hupata kazi za muda: kubeba magunia, kuandika hesabu, kusimamia mizani. Wengine huenda kukata miwa Kidatu. Kazi hizo ni baraka, lakini huja na majaribu yake. Karani wa mizani huweza kuambiwa apunguze kilo za mkulima, au anyamazie lumbesa; asipokubali, kesho nafasi yake atapewa mwingine. Kijana huyo amebatizwa na kupokea Kipaimara. Je, tumemwandaa kwa saa hiyo?

Tunapenda kutafakari nanyi maisha ya kijana wa Goma, mashariki ya Kongo, mji unaosema Kiswahili kama sisi. Ni Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa. Mwaka 2007 aliahidiwa fedha ili aruhusu mchele ulioharibika upite mpakani na kuuzwa kwa watu. Alikataa. Akashinikizwa zaidi, naye akakataa tena. Mwezi Julai mwaka huo alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Shahidi huyu, basi, alijaribiwa kwa mchele, chakula kile kile tunachokilima sisi.

Tunajifunza nini kwake?

Kwanza, dhamiri haiundwi siku ya jaribu. Floribert alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio. Alisali na wenzake na kuwahudumia watoto wa mitaani. Aliyezoea kuwatazama maskini usoni hakuweza kuwasahau watakaoula mchele ule. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba ndani ya dhamiri mwanadamu hukutana na Mungu. Basi tuwazoeze vijana kujiuliza mapema: Nani ataumia nikikubali? Je, ningelifanya hili mbele ya mama yangu? Kesho nitakuwa mtu wa namna gani?

Pili, tusimwache kijana peke yake. Danieli alipokikataa chakula cha mfalme huko Babeli, alikuwa na wenzake watatu. Kidole kimoja hakivunji chawa. VIWAWA na Jumuiya Ndogo Ndogo ziwe mahali ambapo kijana aweza kusema wazi kwamba anashinikizwa, bila kuaibishwa. Na binti anayedaiwa mwili wake ili apate kazi, neno letu la kwanza kwake lisiwe swali juu ya mavazi yake.

Tatu, haki ianze kwa watu wazima. Wapo wazazi wanaompokea kwa vigelegele mtoto aliyeleta fedha, wasimwulize alikozipata, na kumcheka yule aliyerudi mikono mitupu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kijana akitaka kutoa taarifa TAKUKURU au kwa Wakala wa Vipimo, Kamati ya Haki na Amani ya parokia imsindikize.

Ndugu wapendwa, tusiwadanganye vijana kwamba mwaminifu hapati hasara. Floribert alipoteza uhai. Wala hatuwatumi vijana wetu wakatafute kifo. Tunachosema ni hiki: kazi iliyopotea kwa ajili ya haki ni mzigo wa jumuiya nzima. Kijana akifukuzwa kwa kuwa hakukubali kumwibia mkulima, jumuiya yake na imtafutie kishamba, mbegu, au kibarua kingine. Tukimsifu kanisani na kumwacha alale njaa, wenzake watajifunza kwamba uaminifu ni wa hotuba tu. Tukimshika mkono, watajua kwamba Injili yaweza kuishiwa hapa hapa Ifakara.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya:
1. Ni mashinikizo gani yanayowakabili vijana wetu msimu huu?
2. Kijana akipoteza kazi kwa ajili ya ukweli, jumuiya yetu itamsaidia kwa lipi hasa?

Mungu awabariki.