Muulizeni Mtoto: "Umejuaje?"



Mtihani wa Taifa wa Darasa la Saba haupimi kukariri peke yake. Katika Kiswahili, mtahiniwa huweza kupewa sentensi zisizo katika mpangilio, akatakiwa kuzipanga zilete mtiririko wenye mantiki. Katika Hisabati hukutana na mfululizo wa namba, atafute inayofuata. Aliyekariri majibu ya mitihani iliyopita hukwama hapo, kwa kuwa maswali hubadilika.

Ujuzi huo hujengwa kwa mazoezi, na mengine hayahitaji kitabu. Mwandikieni mtoto 2, 5, 10, 17, atafute namba ya tano. Akijibu 26, msiishie hapo; muulizeni, "Umejuaje?" Akieleza kwamba tofauti ni 3, 5, 7, kisha 9, ameelewa. Mtajieni ovyo hatua nne za kupika ugali, azipange na kutoa sababu. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango nacho kinafaa: aeleze kwa nini jibu ni yai, wala si chungu.

Akikosea, msimkaripie. Mfuateni hatua kwa hatua hadi aone mwenyewe alipopotea.

Jambo la mwisho ni muda. Binti anayechota maji na kuosha vyombo hadi usiku hukosa mazoezi anayoyapata kaka yake, ilhali mtihani wao ni mmoja. Wagawieni kazi kwa usawa, kila mtoto apate walau nusu saa ya kujifunza jioni.