Mkapa Mhariri: Gazeti, Redio na Chuo Kikuu



Waandaaji wameniomba nizungumzie maisha ya kazi yanayopita kwenye uandishi wa habari, utangazaji na uongozi wa elimu ya juu. Ningeweza kuzungumza kijumla, mkanipigia makofi, tukaenda kunywa chai. Nimeona afadhali nimshike mtu mmoja, Benjamin William Mkapa, kwa kuwa urais wake wa 1995 hadi 2005 umezifunika kazi zilizoutangulia. Hoja yangu ni kwamba Mkapa alibaki mhariri hata alipokalia viti visivyo vya gazeti. Tabia hiyo ilimfaa sana kwenye baadhi ya viti hivyo, na kwenye kingine ikamponza.

Mzaliwa huyo wa Lupaso, Masasi, alimaliza Makerere mwaka 1962 akiwa amesoma Kiingereza. Akaajiriwa serikalini Dodoma kama afisa wilaya, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kusomea uhusiano wa kimataifa, na aliporudi akaingia Wizara ya Mambo ya Nje. Shahada ya habari hakuwa nayo. Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilianzishwa 1975. Yeye alikabidhiwa magazeti ya chama tawala, TANU, The Nationalist na Uhuru, mwaka 1966, hata miaka thelathini hajafikisha.

Muda si mrefu likaja Azimio la Arusha la kutangaza ujamaa, Februari 1967. Wengi wetu tunaofundisha habari huupita upesi uhariri wa gazeti la chama, tukiuita propaganda na kufunga mjadala. Mimi naona tunajinyima somo. Mhariri yule alipaswa kuieleza sera moja kwa Kiingereza cha kusomwa na mabalozi, na kwa Kiswahili cha kusomwa kwa sauti kijiweni, kila siku, bila kuwachosha wasomaji. Hiyo ni kazi ngumu hata kwa anayeiamini sera yenyewe.

Tarehe 5 Februari 1970 serikali ikalitaifisha gazeti la The Standard, lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Frene Ginwala akawa mhariri mtendaji, na Rais mwenyewe, Mwalimu Nyerere, akashika cheo cha mhariri mkuu. Gazeti lilipewa hati iliyoliruhusu kuikosoa serikali, ilimradi lisitoke nje ya njia ya ujamaa. Aprili 1972 The Standard na The Nationalist yakaunganishwa, likazaliwa Daily News, na Mkapa akawa mhariri wake. Fikirini kiti kile: mkubwa wako kazini ndiye mkuu wa nchi unayemwandika. Ukimsifu mno, gazeti linageuka kipeperushi. Ukimkosoa vibaya, kesho kuna mhariri mwingine. Mpaka kati ya mambo hayo mawili haukuandikwa popote. Mhariri aliukisia kila jioni kabla kurasa hazijaenda mtamboni.

Mwaka 1974 alikwenda Ikulu kuwa mwandishi wa habari wa Rais, na 1976 akaanzisha Shirika la Habari Tanzania, Shihata. (Shirika hilo lilipovunjwa baadaye, rais alikuwa yeye mwenyewe.) Shihata linanihusu kwa sababu lililisha magazeti na redio kutoka chungu kimoja, na hapo ndipo tofauti ya fani hizi mbili huonekana. Zoezi hili nawapa wanafunzi wangu hadi leo. Gazetini unaweza kuandika: “Waziri wa Kilimo, akizungumza na wananchi katika ziara yake ya siku tatu, jana alisema kuwa bei ya mahindi imepanda.” Msomaji atavumilia, na asipoelewa atarudia. Msikilizaji yuko jikoni anakoroga uji. Ukimpa cheo, hadhira na ziara kabla ya habari yenyewe, umeshampoteza. Redioni anza na bei ya mahindi, waziri atasubiri. Na wanafunzi wakaidi kweli: wengi bado humtanguliza waziri.

Mwaka 1990 Mkapa aliteuliwa Waziri wa Habari na Utangazaji. Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973, na redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kufungia gazeti. Mhariri wa zamani sasa ndiye aliyeshika kufuli. Sheria ya utangazaji iliyofungulia milango vituo binafsi ilikuja 1993, yeye akiwa ameshahamishwa, na mwaka uliofuata Radio One na ITV zikawa hewani.

Alikohamishiwa 1992 ni Wizara ya Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria, na ndiyo miaka ya kuanza uchangiaji wa gharama vyuoni, jambo lililowakera wanafunzi waliozoea serikali kubeba mzigo wote. Bodi ya Mikopo ya wanafunzi ilianza kazi Julai 2005, miezi michache kabla hajaondoka Ikulu. Kwa maoni yangu ilichelewa. Baadaye akawa Mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007. Tusichanganye vyeo: Mkuu wa Chuo hutunuku shahada, anayeumwa kichwa na bajeti ni Makamu Mkuu. Uongozi wa Mkapa katika elimu ya juu tuupime kwa wizara na sera zaidi kuliko kwa joho.

Akiwa Rais alihutubia taifa kila mwisho wa mwezi. Hotuba zile zilikuwa tahariri ndefu, zenye takwimu na hoja za kujibu wapinzani wake. Upande huo mhariri alimfaa Rais. Lakini mhariri huyohuyo hakuwa na subira na waandishi waliomfuata. Walioripoti enzi zile wanakumbuka alivyowashutumu kwa uvivu wa kufikiri. Mara nyingine alikuwa na haki. Ila mwandishi akimwogopa anayemhoji, swali la pili haliulizwi, na kwa hilo hasara ilikuwa yake pia.

Napendekeza jambo moja kwa wakuu wa shule za habari waliopo hapa. Kumbukumbu zake, zilizotoka 2019, zisomwe, lakini zisitangulie. Wanafunzi waanze na majalada ya magazeti ya zamani maktabani, wachukue juma moja la Daily News la 1972, kisha kila mmoja aandike upya ukurasa wa kwanza kama taarifa ya habari ya redio ya dakika tano. Tuwaachie wao waamue ni habari zipi za kutupa.