Leo Mmehitimu Pamoja



Nimezoea mahafali ambapo mtoto huvaa joho na mzazi hukaa pembeni akipiga vigelegele. Leo, wahitimu wetu, nawaona mmekaa wawili wawili: bibi na mjukuu, baba na binti yake, mama mdogo na mtoto aliyeachiwa na marehemu dada yake. Kila mmoja anasubiri cheti chake cha mafunzo haya ya malezi.

Mnakikumbuka kile kikao cha igizo? Mama mmoja na mwanawe wa miaka 15 walibadilishana nafasi. Kijana akajifunga kanga ya mama yake, akaingia kama anayetoka sokoni, akatua ndoo, na kabla hata ya salamu akaanza: "Vyombo mbona havijaoshwa? Humu ndani unakula bure tu!" Tukacheka sote. Mama, aliyekaa kwenye kigoda kama mtoto, hakucheka. Aliinama, kisha akasema taratibu, "Kumbe ndivyo ninavyosikika." Wiki iliyofuata alituambia kwamba amemwomba mwanawe radhi. Mzazi kumwomba mtoto radhi! Wengi wetu hatukuwahi kuliona hilo tulikokulia. Kwangu mimi, mafunzo yetu yalianza siku ile.

Mbinu mlizojifunza zina historia. Zilijaribiwa Eastern Cape, Afrika Kusini, mwaka 2015 na 2016, kwa familia 552, katika mpango wa vikao 14 ulioitwa Sinovuyo, yaani "tuna furaha" kwa Kixhosa. Familia zilizopitia vikao vile zilieleza kwamba viboko vimepungua, msongo wa walezi umepungua, na hata hali ya fedha nyumbani imekuwa nafuu. Ulipofika Tanzania, mpango huo ukaitwa Furaha Teens.

Nasi tulikuwa na haja nao. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18, wengi wao mikononi mwa ndugu na walimu. Yaani mikononi mwetu sisi tunaowapenda.

Najua tutajitetea kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Isikilizeni tena. Anayekunja samaki mbichi hutumia viganja vyake, polepole, asimvunje. Fimbo haimo humo. Kuvuta pumzi kabla ya kujibu, kumsifu mtoto kwa jambo dogo alilofanya vizuri, kuweka kanuni mliyokubaliana wote: hiyo ndiyo kazi ya viganja, na ni ngumu kuliko kuchapa.

Vijana wangu, nanyi mmevuna. Mmejua kutaja hasira kwa jina lake badala ya kubamiza mlango. Mmejua njia zipi si salama jioni na nani wa kumwambia mkiguswa vibaya. Na siku ile mlipogawa punje za maharage mkekani kama fedha za nyumbani, hizi za unga, hizi za sare, hizi za akiba, binti mmoja alimtazama baba yake akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa hununui viatu kwa sababu fedha hazikutosha?" Miaka mingapi alidhani hapendwi?

Jumamosi ijayo hatutakutana hapa. Hasira zitarudi, na mahindi yakikosa mvua zitarudi kwa nguvu. Siku ukiteleza, rudi ukaombe radhi, uanze tena. Mkizidiwa, au mkijua mtoto wa jirani anaumizwa, pigeni 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, haina malipo.

Na leo usiku, kabla ya kulala, kila mzazi aketi na mwanawe kwa dakika kumi, simu ikiwa mbali, na mtoto ndiye achague cha kuzungumza.