Haki ya Mwanafunzi Aliyerudishwa Nyumbani



Ndugu wapendwa, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo na wazazi wa Bugene,

Tunapotaja haki, mara nyingi mawazo yetu hukimbilia mipaka ya mashamba na urithi wa wajane. Leo tutafakari haki nyingine, ambayo ugonjwa wa Korona uliifunua: haki ya mwanafunzi wa chuo kikuu kuendelea kusoma akiwa nyumbani.

Tarehe 18 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa vyuo, siku moja baada ya shule; vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Vijana wakarejea vijijini katikati ya masika. Wenzao wa Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kyerwa, walingoja zaidi. Hata wa mwaka wa mwisho waliitwa Oktoba. Shauri lililosikika duniani kote lilikuwa moja: someni kwa njia ya mtandao.

Shauri hilo si baya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimefundisha watu wakiwa makwao tangu miaka ya 1990. Lakini mtume Yakobo anatuonya tusimwambie aliye uchi akaote moto, nasi hatumpi nguo. Mwenye kompyuta, umeme na fedha ya vifurushi alisoma; asiye navyo alitafuta mtandao wa simu juu ya kilima.

Tunataja hisabati kwa makusudi. Kitabu cha historia mtu aweza kukisoma peke yake akaambulia mengi. Hisabati huenda kwa hatua: usipoona mstari wa tatu umetokana na nini, yote yafuatayo ni giza. Darasani mwalimu huuona uso uliokunjamana, akarudi ubaoni. Katika simu ndogo mwanafunzi hawezi hata kuandika alama za hesabu yake; hupiga picha ukurasa wa daftari, akautuma, akangoja. Kifurushi kikiisha, jibu halimfikii.

Na tuseme ukweli, ingawa unauma: si kila dhuluma hutoka mbali. Binti anayesoma chuo kikuu akirudi nyumbani hukabidhiwa palizi ya maharage, ndoo na jiko. Kaka yake huachiwa jioni yake. Wapo watakaosema ndiyo desturi. Sisi twasema ni saa za masomo zilizochukuliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba kila mtu ana haki isiyoondoleka ya kupata elimu. Haukusema kila mvulana.

Vyuo vilifunguliwa zamani, lakini likizo zipo, na maradhi hayapigi hodi. Kwa hiyo twaomba kigango chenye ukumbi na umeme kiufungue jioni kwa wanafunzi. Jumuiya zichangie vifurushi kama zinavyochangia misiba. Na walimu wa hisabati wa sekondari walio waumini wetu watoe saa mbili kwa juma. Ratiba ya binti ijadiliwe na wazazi wote wawili, baba akiwapo. Majina ya wanafunzi, wa kike na wa kiume, yafikishwe kwa katibu wa Halmashauri ya Walei kabla ya likizo ijayo.