MVULE ULIOBAKI PEKE YAKE

Wahenga walinena ya kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Leo twataka kuonyesha kuwa neno hilo ni kweli kwa miti pia.

Mtu afyekapo msitu apate malisho, mara nyingi husaza mvule mmoja kwa ajili ya kivuli, akisema moyoni, "Wajukuu wangu watapata mbao." Sisi nasi tulidhani hivyo, hata siku moja tukaenda na wanafunzi wetu kutafuta miche chini ya mvule wa namna hiyo. Tulizunguka asubuhi nzima tusione hata mmoja. Mzee mwenye ng'ombe akatuuliza, "Mbona mti wangu hauna watoto?"

Jawabu ni hili. Kwanza, kuna mivule mume na mivule mke. Mume hutoa maua marefu, membamba, yaning'iniayo. Mke hutoa matunda mafupi, manene, ya kijani. Upepo ndio uuchukuao unga wa maua. Mume hauzai kamwe, na mke ulio mbali na mume huenda ukakosa mbegu njema.

Pili, mpandaji wa mbegu hizo ni popo. Hula matunda, akaruka mbali, akaziangusha pamoja na mavi yake.

Tatu, mche ukiota malishoni husongwa na majani, huliwa na mbuzi, ama huunguzwa na moto wa kiangazi. Tena kuna kijidudu kitiacho vivimbe katika majani yake machanga, hata ukadumaa.

Walakini upweke si mauti sikuzote. Huko Brazil, karibu na mji wa Manaus, wataalamu walichunguza miti mirefu iitwayo Dinizia excelsa. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba ile iliyosazwa malishoni ilizaa mbegu zaidi ya mara tatu kuliko ile ya msituni, kwa kuwa nyuki wa asili ya Afrika waliuchukua unga wake toka mti hata mti. Lakini mbegu nyingi si miche mingi, ikiwa ng'ombe na moto vyaingoja chini.

Basi, ndugu mfyekaji, usisaze mmoja. Saza kadhaa, mume na mke. Usiwafukuze popo. Izungushie miche boma la miiba, uichanganye na miti mingine iipatie kivuli kidogo. Mwenye mti mmoja ana mbao za mara moja. Mwenye miche ana urithi.